Baridi ya Juni na Jiko la Mkaa: Maswali na Majibu kwa Darasa la Saba, Ruhuwiko

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, kwa hiyo marudio yetu ya Sayansi huangukia Juni na Julai, miezi ile ile ambayo Ruhuwiko yetu, hapa Songea, inatetemeka. Someni maswali haya jioni mkiwa na wazazi. Swali la 4 lisomeni kwa sauti.

Swali la 1. Tanzania iko karibu na ikweta. Kwa nini basi Songea hupata baridi?

Jibu: Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000. Juni jua liko kaskazini mwa ikweta, sisi tuko kusini. Tena ni kiangazi, na usiku anga halina mawingu. Ardhi, kuta na bati hutoa joto lao kuelekea angani usiku kucha, na hakuna wingu la kulizuia. Ndiyo maana baridi hukaza alfajiri kuliko saa sita usiku. Wengi husahau kuandika hilo la mawingu, nalo lina alama.

Swali la 2. Eleza njia tatu za usafiri wa joto kwa kutumia jiko la mkaa.

Jibu: Mpitisho: kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya sufuria huunguza mkono. Msafara: hewa iliyopata moto hupanda juu, ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mnunurisho: unapoota moto uso unaungua huku mgongo ukibaki wa baridi.

Swali la 3. Nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati hupoteza joto wapi zaidi?

Jibu: Juu. Hewa ya moto hupanda, na kama hakuna dari hukutana na bati, ambalo ni jembamba na hupoa upesi. Nyingine hutokea kwenye uwazi kati ya ukuta na kenchi. Tofali lenyewe halina kosa: hunywa jua mchana na kulirudisha polepole jioni. Mwenye fedha ya jambo moja tu aanze na dari ya chumba wanacholala watoto.

Swali la 4. “Mkaa ukishakolea hauna moshi, kwa hiyo jiko laweza kuingizwa chumbani wakati wa kulala.” Kweli au si kweli?

Jibu: Si kweli, na ni maneno yanayoua. Mkaa ulioiva ukawa mwekundu hauna moshi wa kuonekana, lakini bado unatoa gesi ya kabonimonoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu wala haikohozeshi. Ukiivuta, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini haibebi kitu ambacho mwili unakihitaji. Aliyelala haamki, kwa sababu gesi yenyewe huleta usingizi.

Angalieni lugha hapa. Msiandike “hewa ukaa”. Hiyo ni kabonidayoksaidi, gesi nyingine. Tena mitaani husemwa kwamba watu “wamekufa kwa kukosa hewa”, na msikilizaji anadhani dirisha likiachwa wazi kidogo basi ameokoka. Hewa inaweza kuwapo na sumu ikawamo ndani yake. Kuziba nyufa ili joto lisitoke ni vizuri, ila si katika chumba chenye moto. Oteni moto jikoni au barazani, kisha jiko libaki huko huko nje.

Swali la 5. Hita ya wati 1,500 ikiwashwa kwa saa 4 kila usiku kwa siku 30, itatumia uniti ngapi?

Jibu: 1,500 × 4 = 6,000, yaani uniti 6 kwa usiku; kwa mwezi uniti 180. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ni shilingi 52,560. Mteja mdogo anayelipa shilingi 100 kwa uniti ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Hita peke yake imekipita zaidi ya mara mbili. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kutoka Makambako, na kabla ya hapo tulitegemea jenereta za dizeli. Umeme sasa upo, na hita haitoi sumu chumbani, lakini si kila LUKU itaimudu.

Sasa linganisha: kuchemsha lita 2 za maji kwa birika la umeme hakufikishi robo uniti. Maji hayo yakitiwa kwenye mpira wa maji ya moto uliofungwa kwa khanga, hupasha kitanda hadi usingizi ukukute. Msitumie chupa ya soda, plastiki hulegea.

Swali la 6. Je, mkaa mbadala wa makaa ya mawe ni salama chumbani?

Jibu: Hapana. Mkaa wa aina hiyo, kama Rafiki Briquettes wa STAMICO, unaokoa miti, nami naupenda kwa hilo, maana Mto Ruvuma unaanzia hapo Matogoro na misitu yake ndiyo maji yetu. Lakini hutoa gesi ile ile. Mfano ni Korea Kusini: walikuwa na sakafu ziitwazo ondol, zilizopashwa joto kwa kupitisha moshi chini yake. Karne ya 20 walipochoma makaa ya mawe, gesi ilipenya kwenye nyufa za sakafu na watu wengi wakafa usingizini.

Swali la 7. Nyumba nzima imeamka na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu. Utajuaje si malaria?

Jibu: Malaria huleta homa, na si kawaida iwaamshe wote asubuhi moja. Kama hakuna homa, jiko lilikuwa ndani, na aliyetoka nje anapata nafuu, shuku gesi. Fungua milango, watoe wote nje, toa jiko, kisha wapelekwe hospitali wakapewe oksijeni, hata yule anayesema amepona. Na mwambie daktari kwamba mlilala na mkaa, maana asipoambiwa anaweza kuanza na kipimo cha malaria.