Eshapema yenye mulango

Leo tuone namna ya kufunga eshapema ya kelele. Ndani ya tiyo muko mulango mudogo: ukifungwa, moshi unapita katika silensie, ukifunguliwa, unapita moja kwa moja na sauti inapanda.

Kwanza tungojee motere ipoe. Kriki peke yake haitoshi. Tuweke vikingi imara chini ya gari. Bulo zenye kutu tuzitie mafuta. Kila kiungo kipate kizibo kipya. Nyuzi za umeme zikae mbali na tiyo, sababu inapata moto sana.

Kisha tuwashe motere inje, tusikilize viungo vyote. Kikipuliza, turudie kazi. Ndani ya moshi muko monoksidi ya kaboni: haina rangi wala harufu, lakini inaua.