Mafunzo Niliyopata Nilipopunguza Sukari Nikitafuta Mtoto

Hedhi yangu ilikuwa haina mwenendo: mwezi huu inakuja, miezi miwili haionekani. Hospitalini Tanga niliambiwa nina PCOS, yaani homoni zimevurugika na mayai hayapevuki inavyotakiwa. Kabla ya kuandika dawa, daktari alitaka kujua ninakunywa nini asubuhi. Niliyojifunza tangu siku ile nayaandika kwa ajili ya kila dada anayekunywa mizizi bila kujua tatizo lake limeanzia wapi.

1. Tatizo la ovari linaweza kuanzia kwenye kongosho

Ukila sukari, glukosi hupanda kwenye damu na kongosho humwaga insulini ili misuli na ini viipokee. Wengi wenye PCOS miili yao ni migumu kuitikia insulini, kwa hiyo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Balaa ni kwamba ovari huendelea kuitikia hata misuli inapokuwa sugu. Insulini hiyo ya ziada huzichochea kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Wakati huohuo ini hupunguza protini ambayo kazi yake ni kuzishika homoni hizo, basi testosteroni inazunguka huru. Vifuko vya mayai huanza kukua, kisha vinasimama kabla yai halijatoka. Bila yai hakuna mimba, hata mkihesabu siku kwa uangalifu namna gani.

Hali hii si ya wanene tu. Wapo wembamba wenye PCOS, na wanacheleweshewa vipimo kwa sababu hakuna anayewadhania.

2. Weusi wa shingoni si uchafu

Ngozi nyeusi, nene kidogo, nyuma ya shingo au kwapani mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi. Wasichana wanasuguliwa kwa dodoki na kusemwa hawaogi. Wapelekwe wakapimwe sukari.

3. Sukari nyingi tunaipokea kwa heshima

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Hiyo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima, vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 peke yake inapita hapo.

Lakini soda ni rahisi kuikataa kuliko chai. Kwetu chai hutiwa sukari jikoni, inaletwa kwenye chupa ikiwa tayari tamu, na mgeni akikataa ameleta neno. Nilimwambia mama mkwe, "Mama, yangu naomba isitiwe sukari." Akashtuka: "Una kisukari, mwanangu?" Nikamweleza taratibu kwamba ni mambo ya uzazi. Tangu hapo akawa ananichemshia ya mchaichai na tangawizi kwenye birika dogo, na wifi zangu wakaanza kuiomba. Mazungumzo yale yalinisaidia kuliko orodha yoyote ya vyakula, maana huwezi kubadili mlo peke yako katika nyumba ya watu wengi.

4. Ugali nao una hesabu yake

Wanga wa sembe na wali mweupe huishia kuwa glukosi vilevile. Sikuuacha ugali. Niliupunguza, nikahamia dona, nikaanza na mboga na samaki au maharage ndipo nikafuata ugali, kisha nikawa natembea kidogo baada ya kula, maana misuli inayofanya kazi huchota glukosi yenyewe. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha upevushaji wa mayai.

5. Baba naye aweke soda chini

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliofuatilia wapenzi wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto walitoa matokeo yao mwaka 2018: waliokunywa angalau kinywaji kimoja cha sukari kwa siku, wanawake na wanaume, nafasi yao ya kupata mimba kila mwezi ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 20. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba soda ndiyo chanzo, ila kwangu ulitosha. Mume wangu aliacha, na akapima mbegu. Inaniuma kuona mke akizungushwa hospitali miaka mingi na mume hajapimwa hata mara moja.

6. Kupunguza sukari hakuzibui mirija

Anayeuza vidonge vya "kusafisha kizazi" hatakwambia hili. Mirija iliyoziba kwa maambukizi inahitaji daktari, si mlo. Mkitafuta mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita kama una miaka 35 na zaidi, nendeni wote wawili.

Mimi mlo ulirudisha mpangilio wa hedhi, lakini mimba niliipata baada ya kuandikiwa letrozole, dawa ya kusaidia yai kupevuka. Na PCOS huongeza hatari ya kisukari cha mimba, hivyo omba kupimwa sukari mapema kliniki, kisha tena kati ya wiki ya 24 na ya 28, hata kama unajisikia mzima.