Kabla ya Kukomiti, Jua Unalinganisha Nini na Nini

Ninaandika programu ndogo za kukokotoa malipo ya korosho nikiwa hapa Nambambo, mjini Nachingwea. Kazi hii haivumilii uzembe. Msimu wa 2007/2008, korosho za kusini mwa Tanzania zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, unapimwa na kupangwa daraja, unahamia ghala kuu, kisha unauzwa kwa mnada. Kwa wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, chama kikuu chao ni RUNALI. Bei ikishapatikana, makato yanaondolewa na kinachobaki ndicho cha mkulima. Ukikosea shilingi 10 kwa kilo katika mstari mmoja wa programu, mwenye kilo 1,000 anapunjwa au anazidishiwa shilingi 10,000, na kosa hilo linajirudia kwa kila jina lililomo kwenye orodha.

Ndiyo maana sikomiti badiliko lolote, yaani silihifadhi kwenye historia ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kabla sijalisoma. Kulisoma maana yake si kufungua faili na kulipitia kwa macho. Faili unaloliona kwenye skrini linaweza kuwa tofauti na lile Git inalokwenda kulihifadhi, na watu wengi ninaofanya nao kazi hujikwaa hapo hapo.

Mahali patatu, si pawili

Git inalitunza faili lako katika hali tatu kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni komiti ya mwisho, ambayo Git inaiita `HEAD`. Hiyo imeshaandikwa kwenye historia.

Ya pili ni sehemu ya maandalizi. Unapoandika `git add`, maudhui ya faili yanaingia hapa yakisubiri komiti ijayo.

Ya tatu ni faili la kazi, yaani hilo unaloliandika na kulifuta kwenye kihariri chako.

Mkulima wa korosho ataelewa haraka: kuna mzigo ulioko nyumbani, mzigo uliokwisha kupimwa kwenye chama cha msingi, na mzigo ulioingia ghala kuu na kutolewa stakabadhi. Tofauti iko sehemu moja, nayo ni kubwa. Gunia likishapelekwa kwenye mizani, nyumbani halipo tena. `git add` haihamishi kitu. Inachukua nakala ya faili kama lilivyo saa ile. Ukiendelea kuandika baada ya hapo, nakala iliyoandaliwa haibadiliki. Kwa hiyo faili moja linaweza kuwa na mabadiliko yaliyoandaliwa na mengine yasiyoandaliwa, yote kwa pamoja.

Mfano wa faili moja

Tuchukue faili `malipo.py`. Namba zilizomo ni za mfano tu:

```
makato = 50

def malipo(kilo, bei):
    return kilo * (bei - makato)
```

Nimeshalikomiti hivyo. Sasa nabadilisha makato kutoka 50 kwenda 60, kisha naandika:

```
git add malipo.py
```

Baada ya hapo naona ni vizuri jibu likadiriwe hadi shilingi kamili, hivyo naongeza `round` kwenye mstari wa mwisho. Badiliko hili la pili silifanyii `git add`. Nikiuliza hali kwa ufupi:

```
git status -s
MM malipo.py
```

Herufi hizo mbili zina maana. M ya kushoto inasema faili lina badiliko lililoandaliwa. M ya kulia inasema faili la kazi nalo limebadilika tangu liandaliwe. Ukiona `MM`, simama. Ukikomiti sasa hivi, kitakachohifadhiwa si hicho ulicho nacho kwenye skrini.

Maswali matatu, amri tatu

Amri ya kwanza:

```
git diff
```

Hii inalinganisha faili la kazi na sehemu ya maandalizi. Swali lake ni: nimebadilisha nini ambacho bado sijakiandaa? Jibu, ukiacha mistari ya utangulizi:

```
 makato = 60
 
 def malipo(kilo, bei):
-    return kilo * (bei - makato)
+    return round(kilo * (bei - makato))
```

Tazama mstari wa juu. `makato = 60` hauna alama ya kujumlisha wala ya kutoa, maana pande zote mbili tayari zina 60. Anayedhani `git diff` inalinganisha na komiti ya mwisho atashangaa badiliko la makato limepotelea wapi. Halijapotea; limeshaandaliwa.

Amri ya pili:

```
git diff --staged
```

Hii inalinganisha sehemu ya maandalizi na `HEAD`. Swali lake ni: nikikomiti sasa, nini kitaingia? Jibu:

```
-makato = 50
+makato = 60
 
 def malipo(kilo, bei):
     return kilo * (bei - makato)
```

Hapa `round` haipo kabisa. Amri hii ndiyo ya kusoma kwa utulivu kuliko zote, kwa kuwa inakuonyesha komiti yako kabla haijazaliwa. Kwenye vitabu na mafunzo ya zamani utaikuta ikiandikwa `git diff --cached`. Kazi ni ile ile, tumia upendayo.

Amri ya tatu:

```
git diff HEAD
```

Hii inaruka sehemu ya maandalizi na kulinganisha faili la kazi na komiti ya mwisho. Itakuonyesha makato na `round` kwa pamoja. Ninaitumia ninaporudi kwenye kazi niliyoiacha jana na ninataka kujua nilifika wapi kwa jumla.

Faili jipya halionekani

Ukiunda faili ambalo Git haijawahi kulijua, `git diff` haitalitaja hata kidogo. Litaonekana kwenye `git status -s` likiwa na alama `??`. Ukitaka maudhui yake yatokee kwenye `git diff` kabla ya kuyaandaa, andika `git add -N` na jina la faili. Hapo Git inajua faili lipo, ila maudhui bado hayajaandaliwa.

Kutenganisha mabadiliko

Mara nyingi mambo mawili yanachanganyika kwenye faili kabla hujaandaa lolote. Usiyakomiti kwa mkupuo. Tumia:

```
git add -p
```

Git itakuletea mabadiliko kipande kwa kipande na kukuuliza. Jibu `y` kukiandaa, `n` kukiacha, `s` kukigawa kiwe vipande vidogo zaidi, `q` kuacha zoezi. Kwenye faili fupi kama hili letu, mabadiliko yote mawili yatakuja kama kipande kimoja. Bonyeza `s` na yatatengana, kwa kuwa katikati yake kuna mistari isiyobadilika. Ukishamaliza, soma `git diff --staged` uhakikishe umechagua ulichokusudia.

Ukikuta umeandaa kisichotakiwa, andika:

```
git restore --staged malipo.py
```

Amri hii, iliyoingia Git toleo la 2.23 mwaka 2019, inaondoa badiliko kwenye maandalizi bila kugusa faili la kazi. Usisahau neno `--staged`. Bila hilo, Git itarudisha faili la kazi kama lilivyo kwenye maandalizi, na ulichoandika baadaye kitafutika.

Umejaribu nini hasa?

Jambo hili ningependa kila anayegusa programu za fedha alitie akilini. Unapoiendesha programu yako kuijaribu, inayoendeshwa ni faili la kazi. Katika mfano wetu nitajaribu msimbo wenye `round`, nitaona majibu safi, kisha nitakomiti msimbo usio na `round`. Kilichojaribiwa ni kimoja na kilichohifadhiwa ni kingine.

Njia ya kujaribu kilichoandaliwa peke yake ni hii:

```
git stash push --keep-index
```

Mabadiliko yasiyoandaliwa yanawekwa kando, na faili la kazi linabaki sawa na maandalizi. Endesha majaribio yako. Yakipita, komiti, kisha yarudishe yaliyowekwa kando kwa `git stash pop`. Fuata mpangilio huo: jaribu, komiti, rudisha.

Utaratibu ninaoufuata

Kabla ya kila komiti naanza na `git status -s` nione herufi zilivyokaa. Nasoma `git diff` nijue nilichobakiza. Nasoma `git diff --staged` mstari kwa mstari. Mwisho naandika `git commit -v`, ambayo inaniwekea tofauti zilizoandaliwa chini ya nafasi ya kuandika ujumbe, ili maneno yangu yafanane na kinachoingia. Siitumii `git commit -a`, kwa kuwa inabeba kila badiliko la mafaili yanayofuatiliwa na kuifuta ile hatua ya kuchagua.

Hakuna hata moja kati ya amri hizi inayohitaji intaneti. Historia yote iko ndani ya folda ya `.git` kwenye kompyuta yako, kwa hiyo mtandao ukikatika siku nzima unaweza kulinganisha, kuchagua na kukomiti bila shida.

Anza na faili dogo kama hilo la juu. Lifanye lifike kwenye `MM` kwa makusudi, endesha amri zote tatu za `git diff`, na kabla ya kila moja jiambie kwa sauti pande mbili inazozilinganisha. Ukiweza kutabiri kitakachotokea kabla hujabonyeza, uko tayari kushika programu inayogawa pesa za watu.