Kengele ya Mlangoni: Vihisi na Matunzo ya Wazee Wenye Ugonjwa wa Kusahau

Somo la Afya na Ustawi wa Jamii kwa Wakazi wa Kata

Somo hili lahusu ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu huuita dimensia, pamoja na vifaa vidogo vinavyoweza kuisaidia familia kumlinda mgonjwa bila kumfunga. Baada ya kulisoma, mkazi anatarajiwa kuzitambua dalili za ugonjwa, kuchagua njia ya ulinzi inayolingana na uwezo wa kaya yake, na kujua mahali pa kupeleka shauri lake.

1. Ugonjwa wenyewe

Dimensia si uzee wa kawaida. Mzee yeyote aweza kusahau alipoiweka fimbo yake. Mwenye dimensia aweza kuishika fimbo mkononi asijue ni ya kazi gani. Huuliza jambo lile lile mara nyingi, hupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote, huwachanganya watoto na wajukuu, na huenda akamshuku mkwewe kwamba ameiba alichokificha mwenyewe. Chanzo ni maradhi yanayouharibu ubongo. Linaloongoza ni ugonjwa wa Alzaima, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Kisababishi kingine kikubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, aghalabu kutokana na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini kwetu, utafiti wa vijijini katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahusisha wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Kiwango kilichopatikana kilikuwa asilimia 6.4. Hesabu hiyo ni ya Hai, wala si ya Ufipa. Hata hivyo yatosha kutuonyesha kwamba wagonjwa hawa wamo vijijini mwetu, wawe wameandikwa katika daftari la zahanati au la.

2. Kwa nini usiku ni wakati wa hatari

Wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jua linapotua. Bibi huamka saa nane za usiku akiamini kumekucha, akachukua jembe kuelekea shamba aliloacha kulilima miaka mingi iliyopita. Katika nyanda za juu za Ufipa, zenye kimo cha takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai yaweza kumdhuru mzee aliyetoka bila shuka. Njiani kuna makorongo, visima na mashimo ya kufyatulia matofali.

Hatari nyingine hutoka kwa binadamu. Mzee anayekutwa usiku mlangoni pa jirani, akinena maneno yasiyounganika, huweza kutuhumiwa uchawi. Nchi yetu imewapoteza wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma za namna hiyo, na mara nyingi ushahidi pekee uliotolewa ulikuwa macho mekundu, ambayo kwa wapishi wengi ni matokeo ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Husimuliwa kwamba jina la Sumbawanga katika Kifipa lina maana ya kutupa uchawi. Basi na tuitupe pia tabia ya kuuita uchawi ugonjwa wa ubongo.

3. Kihisi ni nini?

Kihisi ni kifaa kinachotambua badiliko fulani, kama vile mwendo, joto, uzito au kufunguka kwa mlango, kisha kikatoa taarifa. Wafugaji wetu wanaijua kanuni hii tangu zamani: kengele ya shingoni mwa ng'ombe humjulisha mchungaji mnyama alipo bila yeye kumtazama. Vihisi vinavyofaa kwa mgonjwa wa kusahau ni hivi vifuatavyo:

(a) Kihisi cha mlango. Kina vipande viwili, kimoja chenye sumaku. Kimoja hubandikwa kwenye mlango na cha pili kwenye fremu; vikiachana, kengele hulia. Aina nyingi hutumia betri ndogo, hivyo hazihitaji umeme wa gridi wala intaneti.

(b) Kihisi cha mwendo. Hutambua joto la mwili linapopita mbele yake. Chaweza kuwasha taa mzee anapoamka kwenda msalani, asijikwae gizani.

(c) Mkeka wa kitandani. Huhisi uzito, mgonjwa akiinuka, mlezi aliye chumba cha pili hupata ishara.

(d) Kifaa cha kuvaa. Hupokea mawimbi ya setilaiti ili kujua kilipo, kisha hutuma ujumbe kwa simu ya mlezi kupitia laini ya simu. Laini hiyo lazima isajiliwe kisheria kwa jina la mtu anayewajibika nayo.

(e) Kihisi cha hewa ya sumu. Mzee anayesahau aweza kuliingiza jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi na kufunga dirisha. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo huua. Pasipo kihisi hicho, kanuni ni moja: jiko la mkaa lisilale ndani.

4. Mipaka ya vifaa

Kihisi hakimzuii mtu, wala hakimwinui aliyeanguka. Humwita binadamu, na asipokuwapo binadamu wa kuitika, kengele hulia bure. Kifaa cha kuvaa hakina msaada mahali pasipo mtandao wa simu, na kwenye mabonde na miteremko ya kushukia Ziwa Rukwa mtandao si wa kutegemea kila mahali. Betri huisha. Mgonjwa naye aweza kukivua kifaa na kukiacha njiani.

Mataifa yenye uwezo mkubwa yamelipima jambo hili. Huko England, jaribio lililoitwa ATTILA, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, lilihusisha watu 495 wenye dimensia. Nusu walipewa vifaa vyote vilivyopendekezwa kwa mahitaji yao; wengine walipewa vya msingi tu, kama vihisi vya moshi. Haikuonekana kwamba kifurushi kikubwa kiliwawezesha kuishi nyumbani kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kaya isiuze mbuzi wake ili kununua vifaa vingi. Ianze na kimoja kinachojibu hatari iliyo dhahiri.

Kaya isiyo na fedha yaweza kutundika njuga au makopo matupu mlangoni, yakagonga mlango unapofunguliwa. Hicho nacho ni kihisi. Jambo lisilofaa ni kumfungia mgonjwa kwa kufuli au kumfunga kamba, kwa kuwa nyumba ikishika moto hana pa kutokea, na utu wake huvunjwa.

5. Heshima na ridhaa

Mgonjwa angali mzazi na mwenye nyumba. Katika hatua za mwanzo aulizwe, naye hujibu: "Baba, tungependa kuweka kengele mlangoni ili ukitoka usiku tukusindikize. Waonaje?" Kamera isiwekwe chumbani wala bafuni. Habari za mahali alipo zisisambazwe kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na yeyote anayezikusanya kwa niaba ya taasisi awajibika kuzilinda.

6. Hatua za kuchukua

Kwanza, mpeleke mgonjwa zahanati au kituo cha afya, na kutoka huko apewe rufaa hospitalini ikihitajika. Si kila kusahau ni dimensia: maambukizi, sonona, upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili zinazofanana, na mengi ya hayo hutibika. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama za matibabu kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuonana naye.

Pili, waelezeni majirani watano wa karibu, mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Jirani aliyekwisha kuelezwa humrudisha mzee nyumbani. Asiyejua huenda akapiga yowe.

Tatu, gawaneni zamu. Mlezi mmoja, ambaye kwa kawaida ni binti au mkwe, hawezi kukesha kila usiku.

Nne, mzee akipotea, msisubiri kupambazuke. Toeni taarifa kwa uongozi wa kitongoji na polisi kupitia namba 112, na anzeni kumtafuta katika maeneo ya maisha yake ya zamani: shamba la kale, kisima, nyumba alikozaliwa.

Tano, jikingeni ninyi wenyewe. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya dimensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, ulevi wa kupindukia, upweke, na upungufu wa kusikia na kuona. Kipimo cha shinikizo la damu huchukua dakika chache tu.

7. Maswali ya kujadili katika mkutano wa kitongoji

(i) Ni wazee wangapi katika kitongoji chetu wamewahi kupotea, na nani aliwarudisha?
(ii) Mzee akikutwa usiku mlangoni pako, neno lako la kwanza litakuwa lipi?
(iii) Kengele ikilia saa nane za usiku kwa jirani asiye na mtu wa kumsaidia, nani ataitika?

Swali la tatu lijibiwe kwa majina, na majina hayo yaandikwe. Kaya itakayonunua kihisi itakuwa na watu wa kuitika, na isiyoweza kukinunua itakuwa tayari imepata sehemu iliyo kubwa zaidi ya ulinzi.