Kompyuta imekuwa bubu?

Kabla hujaipeleka kwa fundi, pitia haya. Mara nyingi kosa ni waya au mpangilio tu.

1. Tazama alama ya spika chini kulia kwenye skrini. Ikiwa na msalaba, ibofye uirudishe sauti.
2. Chomeka waya wa spika kwenye tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni, na hapo ndipo wengi hukosea.
3. Chomoa hedifoni, zima Bluetooth.
4. Umeunganisha TV kwa HDMI? Huenda sauti imehamia huko: fungua mipangilio ya sauti, chagua spika zako.
5. Jaribu spika hizo kwenye simu. Zikilia, ni nzima.
6. Zima kompyuta, washa tena.
7. Bado kimya? Sakinisha upya draiva ya sauti, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutoa sauti. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Usipakue kokote tu, unaweza kuingiza virusi.