Kuchagua Kikaango cha Chuma Kisichoshika Kutu

Ukinunua kikaango kwa fedha ya mavuno, usidanganywe na mng'ao wake. Chuma hiki hustahimili kutu kwa sababu kimechanganywa na kromi. Alama 18/10 maana yake ni kromi sehemu 18 na nikeli karibu sehemu 10 katika kila 100. Lakini hakienezi joto vizuri; kikiwa chembamba, chakula huungua mahali pamoja na kubaki kibichi pengine. Basi, kipindue utazame kitako: kiwe kinene, kimenyooka, chenye alumini kati ya mabamba ya chuma. Mpini usilegee. Nyumbani, kipashe moto kwanza, ndipo utie mafuta, chakula kisigande. Kikaango chembamba ni rahisi, lakini kikipindika hakitulii tena jikoni, na fedha yako imepotea.