Kasi ya Silinda ya Hewa: Somo Kutokana na Breki za Lori

Mtu aliyepata kusimama kando ya barabara ya Newala kwenda Masasi, pale magari yanapoteremka kutoka uwanda wa juu wa Makonde, bila shaka amesikia lori la korosho likitoa mlio mkali wa "psss" kila dereva aachiapo breki. Mlio huo ni wa hewa iliyoshindiliwa inayotoka katika vyumba vya breki. Wanafunzi waundao roboti za mashindano, ambao mara nyingi huona mkono wa roboti yao ukienda polepole, wana mengi ya kujifunza kutokana na mlio huo.

Silinda ya hewa ni mithili ya pampu ya baiskeli iliyogeuzwa kazi: badala ya mkono kusukuma hewa, hewa husukuma pistoni. Tuchukue silinda yenye kipenyo cha milimita 25. Eneo la pistoni yake ni sentimita za mraba 4.9. Kanieneo ya hewa ikiwa newtoni 60 kwa kila sentimita ya mraba, kani itakuwa newtoni 295 hivi, nayo yatosha kubeba kilo 30. Kwa nini basi pistoni huchelewa? Sababu ni kwamba hewa yapaswa kuingia upande mmoja, na wakati huohuo hewa ya upande wa pili yapaswa kutoka.

Kosa la kwanza ni kuchagua silinda nene kupita kiasi. Silinda ya milimita 50 ina kani mara nne ya ile ya kwanza, lakini pia hutaka hewa mara nne kwa mwendo uleule. Tundu la vali lisipopanuliwa, mzigo mwepesi utakwenda polepole zaidi. Yafaa kani iwe kama mara mbili ya mzigo.

Kosa la pili ni mpira mrefu. Mpira wa mita 2 wenye upana wa ndani wa milimita 6 hubeba sentimita za ujazo 57 hivi za hewa, ilhali silinda yetu yenye mwendo wa sentimita 20 huhitaji 98 tu. Hewa nyingi basi hupotea katika kujaza mpira. Kuufanya mwembamba si dawa, kwani msuguano huongezeka. Dawa ni kuweka vali karibu na silinda, na tangi karibu na vali.

Kosa la tatu ni kusahau njia ya kutokea. Hewa iliyobaki mbele ya pistoni huizuia kama mto. Vali ya kutoa hewa haraka, ikifungwa kwenye mdomo wa silinda, huimwaga hewa hiyo nje papo hapo bila kuirudisha njia ndefu.

Lori hufuata kanuni hizi zote. Dereva akanyagapo breki, hewa itokayo kwenye pedali huwa kama ujumbe tu kwa vali iliyo karibu na ekseli ya nyuma. Vali hiyo ndiyo inayofungulia hewa ya tangi iingie katika vyumba vya breki. Jambo hili si dogo. Lori liendalo kilomita 40 kwa saa hupita mita 5.6 hivi katika nusu sekunde. Katika kona ya mteremko, mita hizo zaweza kuwa tofauti kati ya uhai na mauti.

Msomaji aweza kupima mwenyewe. Piga picha za filamu kwa simu inayochukua picha 30 kwa sekunde. Pistoni ikimaliza mwendo wake katika picha 12, imetumia sekunde 0.4. Badili jambo moja tu kwa kila jaribio, kisha pima tena.

Lakini tahadhari. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya kugonga huongezeka mara nne; kwa hiyo weka kizuizi laini mwishoni mwa mwendo. Usitumie bomba la plastiki la maji kuwa tangi, kwa maana likipasuka hurusha vipande vikali. Vaa miwani ya kukinga macho, na usitie mkono ndani ya roboti kabla ya kutoa hewa yote. Dereva mwangalifu hukagua kipimo cha hewa kabla ya kuteremka. Mwanafunzi naye na akague kabla ya kuwasha.